Ungepokea Kiasi Gani?

Sisi tunaosimulia habari hii tulikuwa watu watano, wote walimu wanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu nchini Burundi. Hapo mwanzo tulikuwa sita. Namna tulivyopungua tukawa watano, kisha tukarudi kuwa sita, ndiyo habari yenyewe. Ilianzia katika mchezo wa kompyuta ikaishia katika sarufi, nasi huikumbuka kila tunaposimama mbele ya darasa kufundisha kauli ya kutendwa na hali ya masharti.

Mchezo huo ni Minecraft. Ulibuniwa na Markus Persson wa Uswidi, ukatolewa kwa ukamilifu mwezi wa Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ikainunua kampuni iliyoutengeneza. Dunia yake imejengwa kwa michemraba ya udongo, mawe, miti na madini, na mchezaji huivunja na kuipanga upya apendavyo: huchimba, hulima, hujenga nyumba. Katika hali yake ya asili mchezo huo hauna jenereta wala betri. Una unga mwekundu uitwao redstone, ambao hupitisha ishara kama swichi inavyofanya, lakini haubebi umeme wa kuhesabiwa. Walioleta umeme wa namna hiyo ni wachezaji wenyewe kwa njia ya modi, yaani programu za nyongeza ambazo mtu ajuaye lugha ya kompyuta iitwayo Java anaweza kuziandika na kuzipachika katika mchezo.

Zamani kila modi kubwa ilikuwa na umeme wake. IndustrialCraft ilihesabu kwa kipimo chake cha EU, na mashine iliyopelekewa msukumo mkubwa kuliko uwezo wake iliweza kulipuka. BuildCraft ilikuwa na kipimo kingine, MJ, kilichosafiri ndani ya mabomba. Kikundi cha Team CoFH, watunzi wa Thermal Expansion, wakaleta Redstone Flux, na watunzi wengi wengine wakakubali kuutumia. Mwaka 2016 Forge, jukwaa ambalo modi nyingi huliegemea, likaweka utaratibu wa pamoja uliofuata nyayo za Redstone Flux, ukaitwa Forge Energy. Tangu hapo betri ya mtunzi huyu iliweza kulisha mashine ya mtunzi yule bila wawili hao kujuana, kama vile muuzaji na mnunuzi waliotoka pande mbalimbali wanavyoelewana sokoni kwa lugha moja.

Chama chetu cha kompyuta kilitaka kuutumia mchezo huo kwa kazi ya ualimu. Tulikusudia kuwaonyesha watoto wa shule ya mazoezi safari ya umeme, kutoka jenereta hadi betri, kutoka betri hadi mashine, bila kuwahatarisha kwa nyaya za kweli. Kazi tuliigawa. Jenereta, betri na mashine tulizitwaa katika modi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Sisi watano tukaandika modi ndogo yenye kitu kimoja tu, nacho ni waya wa kuziunganisha. Mwenzetu wa sita, aliyekuwa na subira kuliko sote, alijenga kijiji: njia, visima, mashamba, na nyumba yake mwenyewe kando ya betri. Kwa kuwa zamu ya kufagia chumba cha kompyuta jioni ilikuwa yake, alipewa ufunguo, naye alipomaliza kufagia hukaa kama saa moja akiendelea kujenga peke yake.

Hesabu za kijiji zilikuwa hivi. Mchezo hauhesabu wakati kwa sekunde bali kwa mipigo, na katika sekunde moja mna mipigo 20. Jenereta yetu, ikiwa na makaa, ilitoa uniti 120 kwa kila mpigo. Betri ilihifadhi uniti 2,000,000. Waya ulivuta uniti 100 kwa kila mpigo na kuzipeleka kwenye mashine tatu, mbili za kusaga mawe ya madini na moja tanuri la umeme. Kila mashine ilitumia uniti 30 kwa mpigo ikiwa kazini. Alasiri, chama kilipokutana, mashine zote ziliunguruma na betri ikazidi kujaa. Tulizima kompyuta tukiwa na furaha.

Siku ya pili tukaikuta betri tupu.

Chama kilikuwa na daftari la kumbukumbu, na daftari hilo tungali tunalo. Siku ya kwanza tuliandika: *Umeme umekwisha.* Siku ya tatu, baada ya kujaza makaa na kuikuta betri tupu tena, tuliandika: *Umeme umepotea.* Siku ya tano tuliandika: *Umeme umeibwa.* Na siku ya sita, kwa herufi kubwa, tukabandika tangazo mlangoni: *TUMEIBIWA.* Msomaji wa kitabu hiki atatambua mara moja kilichofanyika. Katika sentensi ya kwanza hapana mtu. Katika ya pili pia hapana mtu, ila pana wasiwasi. Katika ya tatu kiambishi *-w-* kimemwingiza mtu mmoja kwa mlango wa nyuma, kwa maana hakuna kuibwa pasipo mwizi. Katika ya nne kumeingia watu wengine, nao ni sisi wenyewe, safari hii kama wadhulumiwa. Kutoka siku ya kwanza hadi ya sita hatukuwa tumepata ushahidi wowote mpya juu ya betri. Kilichobadilika ni kitenzi.

Ushahidi tuliutafuta baadaye ili ukifuate kitenzi, nao ulipatikana kwa urahisi wa kutisha. Seva huandika jina la kila aingiaye na saa aliyoingia. Tukaona kwamba jioni zote tatu ambazo betri ilikauka, mwenzetu alikuwa ndani ya mchezo, peke yake. Jioni mbili ambazo hakuingia, kwa sababu alikuwa mgonjwa, betri ilibaki imejaa. Nyumba yake ilikuwa hatua nne kutoka betrini. Mmoja wetu akapiga hesabu: waya huvuta 100, betri ina 2,000,000, basi waya ungehitaji sekunde 20,000 kuikausha, yaani zaidi ya saa tano na nusu. Mwenzetu hukaa saa moja tu. Kwa hiyo, tukasema, si waya. Ni mkono wa mtu. Mwingine akatia muhuri kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako.

Tulimwita siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumekwisha kuamua, na mtu aliyekwisha kuamua huuliza maswali yasiyohitaji majibu. Alitusikiliza hadi mwisho, akalitazama tangazo, kisha akasema kwa upole, “Ndugu zangu, mimi sikuchukua kitu. Kama mnamjua aliyeiba, mwandikeni jina lake. Kama hammjui, futeni hicho kitenzi.” Akauweka ufunguo juu ya meza, akatoka. Kuanzia siku ile hakukaa tena karibu nasi bwaloni, na katika somo la mbinu za kufundishia, ambamo yeye ndiye aliyetusaidia sote, akahamia dawati la nyuma.

Ili kumwondoa chamani rasmi ilitupasa kupata sahihi ya mlezi wa chama, naye alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Tulimpelekea barua na daftari. Mzee yule alivaa miwani, akasoma taratibu, akachukua kalamu nyekundu, na badala ya kutia sahihi akapigia mstari neno moja: *umeibwa*.

“Wanangu,” alisema, “mchezo wenu siujui. Lakini kitenzi hiki nakijua. Nani alimwona mwizi?”

“Hakuna, Mwalimu.”

“Mliona nini basi?”

“Tuliona betri tupu.”

“Na hapa mmeandika mlichokiona, au mmeandika mlichokidhania?”

Tulikaa kimya. Akatueleza jambo ambalo tulikuwa tumelisoma mara nyingi kwa ajili ya mtihani bila kulitumia hata siku moja. Kauli ya kutendwa, alisema, humruhusu msemaji amfiche mtenda, lakini haimwondoi. Ukisema *mlango umefunguliwa*, umesema yupo aliyeufungua, ingawa hukumtaja. Ukisema *mlango umefunguka*, kwa kauli ya kutendeka, umeisema hali ya mlango na kunyamaza juu ya mengine. Lugha yetu ya nyumbani inaijua tofauti ya namna hiyo. Mrundi asemaye *kwibwa* anajua vema kwamba yuko mwizi. “Kwa hiyo,” aliendelea, “msiseme ni Kiswahili kilichowapoteza. Kiswahili kiliwapa vitenzi vinne, nanyi mkachagua kile kilichohitaji mtu.” Akaturudishia daftari pamoja na kazi: tuandike upya safari yote ya umeme kwa kauli ya kutenda tu, kila sentensi na mtenda wake, awe mtu au kitu, na mahali tusipomjua mtenda, tuache nafasi wazi. Barua aliiweka katika mtoto wa meza bila kuitia sahihi.

Tuliiona adhabu, nayo ilikuwa dawa. Usiku ule tuliandika: *Jenereta inatoa umeme. Betri inapokea umeme. Waya unavuta umeme kutoka betrini. Waya unagawa umeme kwa mashine tatu. Mashine inapokea umeme. Mashine inatumia umeme.* Hadi hapo kila kitendo kilikuwa na mwenyewe. Kisha mmoja wetu akauliza, “Na mashine iliyojaa?” Tukaandika: *Mashine iliyojaa haipokei umeme.* Na baada yake: *Umeme ambao mashine haikuupokea, ______ anaurudisha betrini.* Tuliitazama nafasi ile kwa muda mrefu. Hatukuwa na neno la kuijaza.

Asubuhi tulikwenda kwenye kompyuta, safari hii kuchunguza badala ya kuhukumu. La kwanza tulilolirekebisha ni ile hesabu ya sekunde. Kipimo cha uniti 100 kilikuwa cha mpigo, wala hakikuwa cha sekunde. Kwa mipigo 20 katika sekunde moja, waya wetu ulivuta uniti 2,000 kila sekunde. Ukizigawa uniti 2,000,000 kwa 2,000, unapata sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40. Siku nzima ya mchezo, mchana na usiku pamoja, ni mipigo 24,000, sawa na dakika 20 za saa zetu. Waya ungeweza basi kuikausha betri yote kabla ya jua la mchezo kumaliza mzunguko wake mmoja, na saa moja ya mwenzetu ilitosha kuikausha mara tatu. Nguzo kubwa ya mashtaka yetu ilikuwa kosa la kusoma kipimo.

La pili lilikuwa swali la kwa nini betri ilikauka tu alipokuwepo yeye. Jibu lake linajulikana kwa kila anayetunza seva ya mchezo huu, nasi pia tulilijua, ila hatukulikumbuka wakati lilipohitajika. Mchezo hauendeshi dunia nzima kwa wakati mmoja. Umegawa ardhi katika vitalu vya michemraba 16 kwa 16, na kwa kawaida vitalu vilivyo mbali na kila mchezaji hulazwa ili visiichoshe kompyuta. Katika kitalu kilicholala mazao hayakui, tanuri halichomi, waya hauvuti. Mtu akikaribia, kitalu huamka na kila kitu huendelea pale kilipoachwa. Mwenzetu aliishi kando ya betri. Kwa kuingia tu nyumbani kwake aliuamsha waya. Jioni alizougua, kitalu kililala usingizi mzito, na betri ikabaki salama. Sisi tuliouona uwepo wake kuwa ushahidi wa wizi hatukufikiri kwamba alikuwa tu shahidi pekee, tena shahidi aliyekuwa amewapa mgongo watenda akipanda miti.

La tatu lilikuwa jaribio. Tulijenga mahali pengine betri ndogo yenye uniti 100,000, waya wetu, na mashine moja ya kusaga iliyokwisha kujaa na isiyo na jiwe la kusaga. Wote watano tuliondoa mikono mezani. Ikiwa waya ulikuwa mwema, betri isingepungua hata uniti moja, kwa maana hapakuwa na wa kutumia. Tuliihesabu kwa saa ya mkononi. Kwa sekunde 50 kamili betri ilikuwa tupu. Hakuna aliyegusa kitu, na hakuna mwizi aliyepita. Waya wetu ulikuwa umevuta 100 kwa kila mpigo na kuzipeleka kwa mashine isiyozihitaji. Zilikwenda wapi? Hazikwenda popote.

Tulipoufungua msimbo tuliouandika kwa mikono yetu, kosa lilikuwa katika mistari mitano. Waya uliiambia betri: toa 100. Betri ilitoa. Waya ukagawa kwa tatu, ukaziambia mashine: pokeeni 33 kila moja. Hapo hapo tayari uniti moja ilikuwa imeanguka, kwa sababu 33 mara 3 ni 99 na hesabu hii haijui sehemu. Lakini hilo lilikuwa tone tu. Mkataba wa Forge unasema kwamba kila mashine iambiwapo ipokee, hujibu kwa nambari: kiasi ilichokipokea kwa kweli. Mashine iliyokuwa kazini ilijibu 30. Mashine iliyojaa na kupumzika ilijibu 0. Zilijibu kwa uaminifu kila mpigo, mara 20 kila sekunde, na sisi hatukuwa tumeandika mstari wowote wa kulisoma jibu. Mchana, mashine zote tatu zikiwa kazini, tulipoteza 10 katika kila 100, na jenereta ilizifunika. Jioni, makaa yakiwa yamekwisha na mashine zimeshiba, tulitupa zote. Waya wetu ulipoteza umeme mwingi zaidi wakati ule hasa ambapo hapakuwa na aliyeuhitaji.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulikuwa tumesema. Na nguo zilikuwa zetu.

Sasa tunafika mahali ambapo sarufi ilitufunza kwa mara ya pili. Vitendo viwili vya msingi katika mkataba ule, kutoa na kupokea, kila kimoja huambatana na swali la ndiyo au la: je, hili ni jaribio? Ukijibu la, umeme huhama. Ukijibu ndiyo, hakuna kinachohama. Unachopata ni nambari tu, yaani kiasi ambacho kingehama kama ungetenda kweli. Katika kuandika waya tulikuwa tumejibu *la* kila mahali bila kufikiri, kwa kuwa hatukuona faida ya kitendo kisichotenda. Ni mmoja wetu aliyepiga meza akasema, “Hii ni *-nge-*!” Naam. *Pokea uniti 33* ni amri. *Ungepokea uniti ngapi?* ni swali la masharti, na sharti lake limefichwa: kama ningekupa. Mashine iliyoshiba ina jibu lake katika ukanushi, *nisingepokea hata moja*, na jibu hilo halimgharimu mtu kitu. Wazee wetu wana desturi inayofanana na hiyo mlangoni. Mgeni hupiga hodi kwanza, husubiri, kisha huingia akikaribishwa. Waya wetu ulikuwa ukiingia bila hodi na kumwaga mzigo sebuleni.

Hata hivyo kujua kanuni si kuitumia vema. Rekebisho letu la kwanza liligeuza mambo juu chini. Tuliiambia betri *ungetoa ngapi?*, nayo ikajibu 100. Kisha tukaziambia mashine *pokeeni*, nazo zikapokea kweli. Hatukurudi betrini kusema *toa*. Matokeo yakawa maajabu: mashine zilisaga alasiri nzima na betri haikupungua hata uniti moja. Wawili wetu walishangilia kwamba kijiji kimepata umeme wa bure. Lakini umeme ule ulikuwa umetoka wapi? Ahadi ya betri ilikuwa imehesabiwa kuwa malipo. *Ingetoa* ilikuwa imesomwa *imetoa*. Kama tungeuonyesha kijiji kile kwa watoto wa shule ya mazoezi, tungewafundisha kwamba kazi inaweza kufanyika bila kitu chochote kutumika, na hilo ni kosa baya kuliko la awali, kwa sababu kosa linaloleta hasara hutafutwa, lakini linaloleta faida huachwa liishi.

Mwisho tuliuandika waya kwa mpangilio ambao sasa tunaweza kuusema kwa Kiswahili kitupu. Betri, ungetoa ngapi? Mia moja. Mashine ya kwanza, kati ya hizo ungepokea ngapi? Thelathini. Ya pili? Thelathini. Ya tatu? Nisingepokea hata moja. Jumla ni sitini. Basi, betri, toa sitini. Mashine ya kwanza na ya pili, pokeeni thelathini thelathini. Umepokea ngapi? Nimepokea thelathini. Masharti kwanza, amri baadaye, na mwishoni *-me-* ya kuthibitisha kwamba kilichoahidiwa kimetimia. Tulirudia jaribio la betri ndogo na mashine iliyoshiba. Tulingoja dakika tano, mipigo 6,000. Betri ilisoma 100,000. Jioni ile tuliiacha kompyuta ikiwaka, mchezaji wetu mmoja akisimama karibu na betri ya kijiji kwa saa nzima, mahali alipozoea kusimama mwenzetu. Haikupungua kitu.

Furaha yetu haikudumu hata usiku mmoja, kwa kuwa sasa tulikuwa na deni. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Mwenzetu hakuwepo tulipomjadili, na lake halikuwepo. Tulimpa hukumu kama waya ulivyozipa mashine mzigo, bila kuuliza na bila kusoma jibu. Kwa hakika jibu alilitoa. Alisema *sikuchukua kitu*, kwa sauti tuliyoisikia wote, nasi tukaiacha nambari ile ianguke.

Tulikwenda bwenini kwake tukapiga hodi. Tulitaka kusema *kosa limefanyika*, sentensi ambayo sote tumeisikia ikisemwa na wakubwa, lakini mmoja wetu alikumbuka kalamu nyekundu, tukaibadili tukiwa bado mlangoni. “Ndugu,” tulisema, “sisi watano tuliandika waya uliotupa umeme. Kisha sisi watano tulikusingizia. Tumekuja kukuomba radhi.” Hakutujibu upesi. Aliuliza kwanza kosa lilikuwa wapi, akataka aonyeshwe msimbo. Tulipomwonyesha, alicheka kidogo kwa ile habari ya umeme wa bure, kisha akanyamaza tena. Alisema hatarudi wiki ile. Alisema pia kwamba tangazo lisichanwe kama kwamba halikuandikwa. Libandikwe katika daftari, na chini yake iandikwe sentensi sahihi. Tulifanya hivyo. Baada ya wiki mbili tulimkuta amekaa kwenye kompyuta ya pembeni, akipanda miti kando ya betri. Hakuna aliyesema neno. Ufunguo ulikuwa bado mezani, naye akauchukua.

Mwalimu aliirarua barua mbele yetu, wote sita tukiwa tumesimama. Alituuliza tumejifunza nini, nasi tukamwambia habari ya *-nge-*. Alitikisa kichwa akaongeza jambo moja, ambalo tumelichukua kuwa somo letu la kudumu. Mabibi na mabwana wa sarufi, alisema, huwafundisha wanafunzi kwamba *-nge-* ni ya sharti ambalo bado linawezekana, na *-ngali-* ni ya sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita. Wanafunzi hukariri tofauti hiyo, wakaandika *ningekuwa tajiri* na *ningalikuwa tajiri*, wakapata alama zao. “Lakini ninyi mmeziishi zote mbili,” alisema. “*Ungepokea kiasi gani?* ni swali la mtu ambaye bado ana muda. *Tungalimwuliza, tusingalimpoteza* ni maneno ya mtu ambaye muda umemtoka.”

Tangu hapo, tunapofundisha sura hii, hatuanzi na utajiri wala na magari ambayo mtu angenunua. Tunawapa wanafunzi sentensi nne za daftari letu kwa mpangilio wake, *umekwisha, umepotea, umeibwa, tumeibiwa*, na tunawaomba watuambie ni katika sentensi ipi mtu asiyekuwepo ameingia. Kisha tunawaonyesha ukurasa wenyewe. Gundi imekauka na karatasi imegeuka manjano, lakini herufi kubwa bado zinasomeka, na chini yake mna mstari mmoja uliopigiwa msitari na mkono wa mwenzetu wa sita: *Waya wetu ulitupa umeme.*